Moshi Usio na Mkono

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni 2001, saa tisa na robo alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu mjomba huwasha jenereta saa tisa kamili, na robo saa nzima niliimaliza kupangusa vumbi kwenye deki na kurudisha kanda ya harusi mwanzo. Nilipobonyeza kitufe cha kucheza nilikuwa peke yangu chumbani, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana kilichotokea kwenye televisheni kilikuwa miguu.

Visigino vyenye hina, pindo la khanga, kona ya mkeka, mguu wa kitanda, kisha sakafu tupu. Dakika kumi na moja. Sauti ilikuwepo: mtu anaomba maji, mtu anaambiwa asogee asikanyage nguo. Halafu ukapita mstari mweupe, na baada yake zikaja picha safi, zimetulia, za wanawake wakila pilau.

Sikuhitaji kuambiwa. Kamera ya mjomba ina kitufe kimoja chekundu cha kidole gumba. Ukikibonyeza inachukua, ukikibonyeza tena inasimama. Mimi wakati wa kuingia chumba cha bibi harusi nilikibonyeza mara moja ya ziada. Kwa hiyo muda wote kamera iliponing'inia mkononi ikitazama chini, ilikuwa inachukua. Nilipoinyanyua jichoni na kubana pumzi ili mkono usitikisike, ilikuwa imelala.

Na nilichobania pumzi ni kile kitu kimoja tu ambacho nilipelekwa mle ndani kukichukua.

Katika ukoo wa yule bibi harusi, kama ilivyo kwetu, mwari hatoki nje mpaka bibi yake mzaa mama amfukize. Bibi huweka udi kwenye chetezo, makaa yakishika huanza kumzungushia mjukuu wake kichwani, mara saba, kimyakimya, midomo ikicheza bila sauti. Mwanamume haingii. Ndiyo sababu mjomba alinipa kazi ya kamera ya ndani, wala si kwa ufundi wangu. Niko kidato cha tatu, likizo zote mbili za mwaka nashinda studioni kwake hapa Kibiti, na kazi hiyo naipenda kwa sababu moja ambayo sijamwambia mtu: nikiwa nyuma ya kamera watu huitazama kamera. Mimi nakuwa sipo.

Bibi yule alikuja kutoka deltani, upande wa Salale. Alipanda boti hadi Nyamisati, kutoka Nyamisati akapanda lori la nazi, na harusi ilipokwisha Jumamosi wanawe wakamwomba akae mpaka fungate iishe, siku saba, maharusi watoke ndani ndipo aondoke. Akakubali kwa sharti moja. Alitaka aione video kabla hajarudi, maana huko kwake hakuna televisheni wala cha kuiwashia. Mjomba akaahidi kuipeleka Ijumaa baada ya sala.

Mjomba alipoingia kuniuliza kanda ikoje, nilimwambia ni nzuri. Kisha nikasema pale pa udi moshi ulikuwa mwingi mno, haonekani mtu.

Huo ulikuwa uongo, na ulinitoka mwepesi kama salamu. Mjomba hakukasirika hata kidogo. Alijikuna kidevu, akaitazama kompyuta, akasema, "Basi si tuchore moshi?"

Nieleze hiyo kompyuta. Mjomba zamani alikuwa karani kwenye ushirika wa korosho. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, ushirika ukapunguza watu, naye akapunguzwa. Kiinua mgongo chake akanunulia kamera, na watu wa mtaani wakasema amepagawa. Lakini siku hizi vitu vinaingia, mitumba, redio, baiskeli, na watu wanataka harusi zao zionekane kama za mjini. Mwaka jana akaongeza kompyuta iliyokwisha kuchoka huko ilikotoka. Haina mfuniko ubavuni, na joto likizidi tunaielekezea feni. Programu ya michoro alinakiliwa kwenye sidii Kariakoo, pamoja na maelekezo ya Kiingereza yaliyopigwa chapa, kurasa sitini. Mjomba Kiingereza anakisoma kama anayetembea kwenye tope. Kwa hiyo msomaji ni mimi, na kamusi yangu ya shule.

Programu hiyo ina kitu kinaitwa emita. Neno lenyewe sikulikuta kwenye kamusi. Nilikuta kitenzi chake, kutoa moshi, harufu au joto, nikafurahi, maana chetezo ni hicho hicho. Emita ni alama ndogo kwenye kioo, na katika picha ya mwisho haionekani. Kinachoonekana ni chembe zinazotoka ndani yake. Wewe unaamua zitoke ngapi kwa sekunde, ziende mbio kiasi gani, ziishi muda gani kabla ya kufifia. Chembe moja ni doa la kijivu lisilo na maana. Zikitoka mia tatu pamoja, jicho linakubali kuwa ni moshi.

Jumatano nikaweka katikati ya kioo picha ya bibi harusi, ile aliyopigwa nje akiwa amekaa kitini, na emita juu ya kichwa chake. Sehemu ya kuzungusha ina visanduku viwili, kimoja cha raundi nzima, cha pili cha nyuzi. Kwenye cha raundi nikaandika saba. Wala sikuifikiria hiyo saba, vidole viliandika vyenyewe. Nikabonyeza.

Emita ilizunguka, lakini palepale iliposimama, kama mtu anayegeuka kwa kisigino, na moshi ukarushwa huku na huku. Mjomba alichungulia akasema bibi harusi amekuwa fataki, tumwondoe watu wasije wakakimbia.

Nilikaa nikaitazama mpaka nikaelewa kuwa kuzunguka kuna namna mbili. Jiwe la kusagia linazunguka hapo hapo lilipo. Mbuzi aliyefungwa anazunguka kigingi. Mimi nilikuwa nimeandika jiwe, na chetezo ni mbuzi. Kwa hiyo nikatia kigingi kisichoonekana katikati ya kichwa cha bibi harusi, nikafunga emita kwenye hicho kigingi, nikazungusha kigingi mara saba.

Safari hii moshi ukaenda mzunguko vizuri, ila ukaenda wote kwa pamoja. Ulikuwa umekakamaa kama sufi iliyochomekwa kwenye kijiti. Na emita ilipofika chini ya duara mdomo wake uligeukia ardhini, moshi ukamwagika kama maji machafu. Mjomba alizima jenereta saa kumi na mbili nikiwa bado naitazama hiyo sufi kichwani mwangu, hata baada ya kioo kuwa cheusi.

Alhamisi asubuhi nyumbani mama alikuwa anafukiza nguo zake za msibani na harusini, zote pamoja kwenye tenga. Nikamwomba chetezo mara moja. Nikatembea nacho polepole kukizunguka kinu kilichokuwa uani, raundi ya kwanza, ya pili, macho kwenye moshi. Mama akauliza kama nakiozesha kinu au nakiaga. Nikacheka, lakini sikusimama, kwa sababu nilikuwa naona.

Moshi ukishatoka hauna habari tena na chetezo. Unabaki pale ulipozaliwa. Chetezo kinakwenda zake, moshi wenyewe unapanda taratibu, unapinda kidogo, na chetezo kinapofika tena mahali hapo kwa raundi ya pili ule wa kwanza umeshakonda, karibu haupo. Miaka yote nimekaa na moshi huu kwenye nguo na sikuwahi kuutazama.

Saa tisa nilikuwa ninaisubiri jenereta mlangoni. Nikatafuta kwenye zile kurasa sitini mahali wanaposema habari ya moshi kubaki nyuma. Nilipata kwenye ukurasa uliokunjwa: kuna kisanduku cha kutia vema, na vema ikiwepo chembe huifuata emita popote, ikitolewa kila chembe hukaa ilipotokea. Nikaitoa. Nikapunguza mbio, nikafupisha uhai. Kuhusu ule mdomo wa kugeukia chini, nilifikiri kwa muda mrefu, kisha nikafanya kitu ambacho hakikuandikwa: kigingi kikizunguka saba kwenda huku, emita yenyewe nikaiambia ijizungushe saba kurudi kule. Moja ikala nyingine. Mdomo ukabaki juu mwanzo mpaka mwisho, kama mkono wa mtu mwenye adabu na chetezo chake.

Nikabonyeza. Ulikuwa moshi.

Nasema kweli, kwa muda wa saa nzima nilisahau kabisa kuwa ninachofanya ni kufunika uongo. Nilikuwa na furaha tu. Niliutazama ukizunguka uso wa yule dada, ukikonda nyuma, ukizaliwa mbele, nikacheka peke yangu.

Ijumaa mjomba akawasha jenereta mapema, na saa tatu asubuhi tukaanza kupika. Ndivyo tunavyoita pale mashine inapotengeneza picha moja baada ya moja mpaka mwendo ukamilike. Mwendo wangu ulikuwa wa sekunde ishirini na nane, sekunde nne kila raundi, na mashine iliuchukua mpaka saa sita na dakika arobaini. Mjomba alijaza petroli mara mbili, akaoga, akaenda msikitini. Mimi nilikaa na feni.

Tulipofika kwa wazazi wa bibi harusi wanawake walikuwa wameshajaa kwenye mikeka. Mjomba akaweka televisheni juu ya meza, akavuta waya kutoka kwenye jenereta ya kukodi iliyokuwa uani, akasimama mlangoni. Maharusi walikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, fungate yao imebakisha siku moja, wakisikia tu. Bibi alikalishwa mbele kabisa kwenye kigoda. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza kama mimi ndiye nilikuwa na ile mashine siku ile. Nikasema ndiyo. Akanitazama kuliko nilivyopenda.

Video ikaenda. Wakacheka, wakasutana. Mama mmoja akajiona anakula, na mwenzake akamwambia, "Shoga, lile tonge au ngumi?" naye akajibu kuwa alichangia mchele kilo tano, alikuwa anazirudisha. Kisha ukaja uso wa bibi harusi, peke yake, na moshi ukaanza.

Mtu akasema aah, taratibu. Mwingine akamuuliza mjomba kama huo ameutoa Dar es Salaam, mjomba akanionyesha kwa kidole na kusema kapika huyu. Nilitamani kuingia chini ya mkeka.

Bibi hakuwa anatazama kama wenzake. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita kwenye pingili za vidole vingine, kama mtu anayevuta uradi. Moshi ulipokwisha aliomba urudishwe. Mjomba akarudisha. Kidole kikapita tena pingili kwa pingili, kikasimama. Akashusha pumzi, pumzi ndefu kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni, akasema alhamdulillahi.

Nilidhani yamekwisha. Nilianza hata kutabasamu.

Bibi akageuka kwenye kigoda chake. "Moshi nimeuona," akasema. "Mkono wangu uko wapi?"

Mjomba akaanza kumweleza kwa heshima, kwamba siku ile chumba kilijaa moshi, kamera haioni kama jicho la binadamu, ndiyo ikabidi kuchora. Alieleza vizuri sana. Alikuwa anaurudia uongo wangu neno kwa neno huku akiamini ni kweli, mbele ya watu wote wale, na jina lake ndilo lililoandikwa juu ya mlango wa studio. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini nilikuwa nimeiona ile pumzi, na sikujua bado ina maana gani, nilijua tu kwamba mimi ndiye niliyempa na haikuwa mali yangu.

"Bibi," nikasema, "mkono wako haumo. Moshi haukuzidi. Mimi nilibonyeza vibaya, kanda imeshika miguu ya watu."

Mtu mmoja alicheka akajikatiza. Mjomba alinitazama. Sikumtazama.

Bibi hakuuliza habari ya miguu. Aliuliza, "Na hizo saba ulizoweka, ulizihesabu siku ile, au umezitoa kichwani?"

"Kichwani, bibi. Sikuhesabu. Nilijua ni saba kwa kuwa huwa ni saba."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hata wanawe hawakulijua. Alisema siku ile, akiwa raundi ya tano au ya sita, mjukuu wake alipiga chafya, naye moyoni akamwombea afya, na aliporudi kwenye hesabu hakuikuta. Akamalizia tu kwa kukisia. Kuuliza hakuweza, maana jambo lenyewe ni la kimya na mwenye kuhesabu ni yeye peke yake. Tangu Jumamosi hakupata usingizi wa maana. Kwao mwari mwenye raundi pungufu ni nyumba iliyofungwa milango yote ukasahauliwa mmoja.

"Mie sikutaka sinema, mwanangu," akasema. "Nilitaka nijue kama nilifika."

Angepanda boti kesho yake na saba zangu. Angekaa huko Salale ametulia kwa kitu nilichokiandika kwenye kisanduku bila kufikiri.

Mama wa bibi harusi alianza kumfariji, kwamba Mungu anajua nia, na bibi akaitikia kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa umerudi ulivyokuwa. Ndipo nyuma ya pazia ikasikika sauti ya bibi harusi mwenyewe, ambaye tulikuwa tumemsahau.

"Bibi, si urudie tu? Mimi si nipo?"

Mama wa lile tonge akaanza kucheka, na kicheko kikapita mikeka yote, mpaka bibi naye akajifunika mdomo kwa khanga. Akasema kweli, hajawahi kusikia aliyekataza. Hajasikia aliyerudia pia, kwa sababu hakuna anayekubali kuwa alikosea. Wakapatana hapo hapo: fungate inaisha kesho, mwari akitoka kuoga, afukizwe upya, kisha bibi ashike njia ya Nyamisati. Bibi akaninyooshea kidole akasema na mimi nije asubuhi. Nisije na mashine. Nije na macho, na nihesabu.

Tukarudi na mjomba, televisheni imefungwa nyuma ya baiskeli, mimi nimeishikilia. Aliikokota baiskeli mpaka tulipopita wauza nazi wa barabarani. Nilikuwa nimeshajipangia kuwa kazi imekwisha na likizo iliyobaki nitashinda shambani. Mwishowe akasema, bila kugeuka, kwamba siku nyingine nikiharibu nimwambie kabla hajauchangia uongo wenyewe. Nikasema sawa, mjomba. Tukatembea kidogo. Akauliza ile miguu ilikuwa dakika ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Mabega yake yakaanza kutikisika, baiskeli ikayumba, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, nimeikumbatia televisheni isianguke. Sikumbuki lini kifua changu kilikuwa chepesi vile.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa kwenye chumba kile kile. Bibi harusi alikaa kwenye kigoda, nywele bado zina maji. Nilikaa ukutani na mikono mitupu, na sikujua niiweke wapi. Bibi akapuliza makaa, akatia udi, akaanza. Kila alipomaliza raundi alinitazama, nami nikamkunjulia kidole kimoja. Kwenye ya nne mwari alijikaza asipige chafya, tukamwona, hakuna aliyecheka. Nilipokunjua cha saba bibi alikiweka chetezo chini, akakaa sakafuni palepale na miguu yake mbele, akasema, "Haya. Nimefika." Alipopata pumzi aliniuliza nilijulia wapi kuwa moshi hubaki nyuma, maana ule wa kwenye televisheni ulikuwa unabaki kama wa kweli. Nikamwambia nilikizunguka kinu cha mama. Akaona ni jibu la kutosha.

Lori lilipomchukua nilikwenda studioni, nikamwomba mjomba awashe jenereta kabla ya saa yake. Nikaufungua ule mwendo wa sekunde ishirini na nane, na chini ya moshi nikaandika: Moshi huu umechorwa, mkono wa bibi haumo. Mjomba akasema maandishi ni makubwa, yanaharibu picha. Nikayapunguza kidogo, nikabonyeza ipike, nikaielekezea feni.